Dilolo 1984: Waliomsimamia Mtoto wa Watu

Dilolo, mji wetu wa Kongo mpakani mwa Angola, hutajwa kwa mambo mawili, reli na vita. Reli ya Benguela, iliyokamilika mwaka 1931, ilipitisha shaba ya Katanga mlangoni kwetu kwenda bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipoikata mwaka 1975. Vita vyetu wenyewe vilikuja Machi 1977, waasi wa FNLC, waliompinga Rais Mobutu, walipovuka kutoka Angola wakaishika Dilolo, Kisenge na Kapanga, wakasonga hadi Mutshatsha. Jeshi la Mobutu lilirudi Mei mwaka ule ule likisaidiwa na askari wa Morocco, na wakati huo watu wetu wengi walikuwa wamekwisha kukimbilia ng'ambo ya mpaka. Hayo yameandikwa vitabuni. Ninalotaka kuliandika mimi sijaliona kitabuni, na tuliolishuhudia tunazidi kupungua.

Mwaka 1984 watu wazima wawili wa mji wetu walimsimamia kijana aliyependa wavulana wenzake. Wakati huo hapakuwa na shirika la kumtetea, wala wakili, wala mfadhili. Majina yao sitayataja, kwa kuwa kijana huyo yu hai na ukiyajua majina yao umemjua na yeye. Walichokifanya nitakisema chote.

Wa kwanza tulimwita Mama wa Kwaya. Aliuza unga wa muhogo na samaki wakavu wa mto Kasai karibu na stesheni, na Jumapili aliongoza kwaya. Lakini heshima yake haikutoka kanisani peke yake. Siku zile za 1977, familia zilipokuwa zikikimbia usiku kuelekea mpakani, alivuka na watoto wasio wake, waliokuwa wamepoteana na wazazi njiani. Baada ya msamaha wa mwaka 1978 alirudi nao, akawakabidhi kwa jamaa zao mmoja mmoja. Kwa hiyo Dilolo ilikuwa na nyumba nyingi zisizoweza kumfungia mlango. Nalisema hili mapema kwa sababu utetezi wake wa baadaye ulisimama juu ya deni hilo la mji kwake, naye alikubali kulitumia lote kwa ajili ya mtoto mmoja.

Kijana mwenyewe alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Baba yake, mtu wa Kasai, alikuwa karani wa reli. Mama yake, Mchokwe wa vijiji vya jirani, alifariki mapema. Alikuwa na sauti iliyotushinda sote na mwandiko mzuri, hata walimu wakampa chaki aandike ubaoni badala yao. Tulijua alivyo. Mji mdogo hauna siri, ila una kunyamaza, na watu walinyamaza mpaka barua aliyomwandikia mvulana mwingine ilipoangukia mikononi mwa mtu, ikasomwa kwa sauti mbele ya wanywaji wa lutuku, pombe yetu ya kienyeji. Wiki ile ile shule ikamwondoa. Vijana wa mtaa wakaanza kusema watamvizia. Wengine, na hilo ndilo lililotutisha zaidi, wakaanza kutaja uchawi. Anayeijua Kongo anajua neno hilo likishamshika mtoto linaweza kumfikisha wapi.

Asubuhi moja ya masika baba yake alimtolea vitu nje: godoro, madaftari, shati jeupe la shule. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchanga wa uani ulikuwa umelowa. Majirani walisimama barabarani wakitazama, nami nilikuwa miongoni mwao. Mama wa Kwaya alikuja na beseni la unga kichwani, akalitua. Akapiga magoti mbele ya mlango wa yule karani, akapiga makofi polepole jinsi mwata, yaani mtemi, anavyoamkiwa, akachota mchanga akajipaka mikononi hadi juu ya viwiko. Yule baba alifadhaika, maana heshima hiyo hutolewa kwa mtemi, na karani hakuwa mtemi. Kisha mama yule akasema kwa sauti ya kusikika barabara nzima:

"Baba, chenye unatupa, miye naokota."

Hakungoja jibu. Alilikunja godoro, akaliweka kichwani mahali pa beseni. Kijana akabeba unga, wakaondoka pamoja katikati ya barabara, mbele ya watu wote, kupita stesheni.

Nimelifikiria tendo lile maisha yangu yote ya ualimu. Angeweza kumchukua kimyakimya jioni, kwa mlango wa nyuma, na bado tungemwita mwema. Alichagua saa ambayo mji wote unaona. Kuanzia siku ile, aliyetaka kumpiga yule kijana alijua kwamba itambidi kwanza aje kwa Mama wa Kwaya, na nani angethubutu kuja?

Wa pili alikuwa mjomba wa yule kijana. Kwa Wachokwe mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito kuliko la baba. Waliotaka kijana afukuzwe mjini waliipeleka kesi kijijini kwa upande wa mama, kwenye chota, banda la wanaume ambamo mashauri husikilizwa. Sisi tuliokwisha kupita mukanda, yaani jando letu, tuliruhusiwa kukaa nyuma. Wasemaji walikuwa wengi na walisema kwa kirefu. Mjomba aliwaacha wamalize, kisha akawauliza kwa Kichokwe maswali mafupi. Ameiba? Hakuiba. Ameua? Hakuua. Amemlazimisha mtu? Yule mwenzake alikuwa wa rika lake, na hakuna aliyelazimishwa. Kuna aliyeugua kwa ajili yake? Mzee mmoja akasema huenda mtu akaugua baadaye.

"Akiugua," mjomba akajibu, "njooni kwangu. Mniite mimi mchawi."

Hapo banda zima lilinyamaza. Katika nchi yetu hakuna dhamana nzito kuliko hiyo.

Kisha akaongeza jambo ambalo wanaume wa pale tu ndio waliolielewa kwa ukamilifu. Aliwakumbusha kinyago cha mwana pwo: uso wa mti uliopakwa udongo mwekundu, nywele za kusukwa kwa nyuzi, matiti ya mti kifuani, njuga kiunoni, na miguu ya mwanamume anayecheza kwa madaha ya mwanamke. "Ninyi mnajua nani hukivaa," alisema. "Baba zenu walimpa zawadi. Hakuna aliyemtukana." Sitaki msomaji anielewe vibaya. Mwana pwo ni heshima kwa mama wa ukoo, na anayemcheza haonyeshi kwa hilo anampenda nani. Mjomba alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Alichokuwa akikisema ni kwamba watu wake walikuwa na nafasi kubwa moyoni kuliko ile waliyokuwa wakiionyesha siku ile. Na alikuwa na haki ya kulisema. Kwa nini, aliyepita mukanda upande ule anajua, na mengine hayaandikwi.

Kesi ilifungwa jioni bila faini. Kijana akabaki Dilolo.

Kanisani mambo yalichukua muda mrefu zaidi. Wazee wa kanisa walimwambia Mama wa Kwaya kwamba kijana hawezi kuimba tena mbele ya watu. Hakubishana nao. Jumapili iliyofuata alikaa naye benchi la nyuma kabisa, na kwaya ikaimba bila kiongozi, vibaya. Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mpaka Pasaka ilipokaribia wakamfuata nyumbani kwake. Akawajibu: "Tuko babili," yaani wawili, yeye na kijana. Walikubali nusu. Yeye alirudi na joho lake. Kijana aliruhusiwa kusimama ukingoni mwa kwaya, bila joho. Aliimba hivyo, na shati lake jeupe la shule, miaka yote aliyoishi kwa mama yule.

Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, Likasi kwanza na kisha Kolwezi. Maelfu walilala stesheni na mizigo yao wakingoja treni zisizokuja. Baba wa yule kijana, aliyekuwa amestaafu Kolwezi, alikuwa mmoja wao. Wakati huo nilikuwa tayari nafundisha Kolwezi, na nilimwona kijana, mtu mzima sasa, akimtafuta baba yake kati ya watu wale hadi akampata. Alikuwa na mfuko wa unga na samaki wakavu kutoka Dilolo. Mama wa Kwaya ndiye aliyeufunga na kumtuma. Mwana alipanda treni pamoja na baba yake, naye alimtunza hadi kifo chake. Leo anaishi nchi nyingine, ana kazi yake na mwenzi wake. Ndiye aliyenipa ruhusa ya kuandika haya.

Januari 2011 nilisikia redioni habari za mazishi ya David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja nchini Uganda. Miezi michache kabla, gazeti moja la Kampala lilikuwa limechapisha picha yake na ya wenzake pamoja na mwito kwamba wanyongwe. Aliuawa nyumbani kwake wilayani Mukono tarehe 26. Siku ya maziko kijijini kwao, mhubiri alitumia kipaza sauti kuwalaani rafiki zake waliokuja kumlilia. Ukatokea mzozo, na wanakijiji wakakataa kulishusha jeneza. Rafiki zake wakalibeba wenyewe. Aliyesimama kaburini kumwombea alikuwa Askofu Christopher Senyonjo, mzee wa miaka 79, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Buganda Magharibi tangu 1974 hadi 1998. Baada ya kustaafu alikuwa akiwapokea vijana wa namna hiyo na kuwasikiliza, jambo lililolifanya kanisa lake limtenge. Nilipoisikia habari ile nilimwona Mama wa Kwaya mbele ya mlango wa karani. Mzee Senyonjo naye alikuwa na jina la kupoteza, na akalitoa.

Siku hizi nasikia kila mahali, kwenye mabasi, kwenye mahubiri, hata kwa walimu niliowafundisha, kwamba kuwatetea vijana hawa ni jambo lililoletwa na Wazungu na pesa zao. Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alitangaza kwa niaba ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika kwamba hawataubariki uhusiano wa watu wa jinsia moja. Mei mwaka huo Wamethodisti, ambao ni wengi mno katika mkoa wetu wa Lualaba, walisikia kwamba mkutano mkuu wa kanisa lao huko Charlotte, Marekani, umeyaondoa maneno ya kulaani mapenzi ya jinsia moja yaliyokuwamo katika kanuni zake tangu 1972, na mabishano yakaingia mpaka majikoni. Wanateolojia wajadiliane, ni haki yao. Mimi nasema nilichokiona. Mama wa Kwaya hakuwa amepanda ndege. Mjomba hakujua kusoma. Hakuna aliyewapa senti. Walimtetea mtoto kwa magoti na makofi ya Kilunda na Kichokwe, kwa sheria ya ukoo wa mama, ndani ya chota, kwa kiapo ambacho babu zetu wangekitambua. Anayesema jambo hili si la kwetu anawafuta watu hawa wawili, na mimi sitakubali wafutwe.

Sheria ya Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inaitambua ndoa ya mume na mke tu, na haiendi mbali zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayemfukuza mwanafunzi, au mzazi anayetoa godoro nje, hatekelezi amri ya mtu. Anaamua mwenyewe, na angeweza kuamua vingine.

Mama wa Kwaya amezikwa Dilolo, na watoto wa 1977 ndio waliomchimbia kaburi. Mjomba amelala kijijini kwake. Nawaomba tuliosoma pamoja miaka ile, mlioko Kolwezi, Lubumbashi, Luau, Solwezi au Ulaya: andikeni mnachokumbuka juu yao mkingali mnakumbuka, na muwasomee wajukuu wenu. Na wewe mzazi au mwalimu wa Lualaba unayesoma haya, kama yuko mtoto aliyetolewa godoro mtaani kwenu wiki hii, mwendee leo, mchana, watu wakiona.