Kipili: Maua ya uani yanapotafuta fremu

Kipili haionekani mpaka barabara iwe imekwisha kuteremka. Msafiri aliyetoka Sumbawanga alfajiri, akapita Chala na Namanyere, huwa amekaa kitambo kirefu katika nyanda za juu za Ufipa, nchi ya mahindi, maharage na ulezi, ambako upepo humlazimu mtu kuvaa sweta hata jua likiwa wazi. Baada ya Namanyere nchi huinama. Joto huingia garini, masweta huvuliwa moja baada ya jingine, na hatimaye Ziwa Tanganyika hutokeza na visiwa vyake mbele ya kijiji, Mvuna na Ulwile vikiwa miongoni mwavyo.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kikubwa zaidi, na duniani hutanguliwa na ziwa moja tu, Baikal la Urusi. Uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga umepita mita 1,600. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mkulima wa juu kupanda viazi na wa chini kutazama michikichi. Ndiyo pia iliyoyagawa maua, kama tutakavyoeleza: waridi hupenda baridi ya juu, asumini hupenda joto la chini.

Uislamu katika mwambao huu ulifika kwa miguu na kwa majahazi, pamoja na wafanyabiashara wa karne ya 19 waliokuwa na makao Ujiji na waliosafiri kusini na kaskazini mwa ziwa. Wamisionari wa Kikatoliki nao walikita mizizi. Huko Karema walikuwapo tangu mwaka 1885, na leo Ufipa kwa jumla ni nchi ya Wakatoliki wengi. Basi Waislamu wa Kipili wamezoea kuishi na majirani wa imani nyingine, kuzikana nao na kualikana nao harusini. Jambo hili nalo linahusika na habari ya maua.

Tulikwenda huko sisi watu watatu wa kamati ya msikiti mmoja wa Sumbawanga, kwa mwaliko wa ndugu zetu waliotaka tukae nao katika shauri la fremu. Msikiti wao una vyumba viwili vya biashara vilivyotolewa waqfu. Kimoja kina fundi cherehani. Cha pili kilikuwa kitupu, na waombaji walikuwa wawili: kijana muuza nyavu na zana za uvuvi, aliyekuwa tayari kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mama mmoja mjane, mtunga maua, aliyeomba kulipa kila mwezi. Kamati ilikuwa imegawanyika, na maneno yalikwisha kuanza kusemwa barazani.

Tuliomba kwanza tuione kazi ya mama huyo. Tulipokelewa uani alasiri, tukiwa na mwenyekiti wa kamati ya huko na mkewe. Kando ya ukuta imepandwa mistari miwili ya asumini, na penye kivuli cha mwembe kuna rihani. Mabinti zake wawili walikuwa wakichuma vikonyo vya asumini vingali vimefumba. Hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii. Asumini haichumwi ikiwa imechanua. Huchumwa mchana ingali kama punje ya mchele, hutungwa kwa sindano na uzi, hulazwa katika kitambaa chenye unyevu, nayo huchanua usiku ikiwa tayari kifuani au kichwani mwa aliyeivaa. Asubuhi imekwisha kugeuka rangi. Bidhaa hii ina uhai wa saa chache tu.

Wasomaji wetu wa Unguja, Mombasa na Lamu hawahitaji kuelezwa kikuba ni nini wala kwa nini asumini huuzwa jioni. Huku bara, kazi hiyo ni ya wachache. Mama huyu aliirithi kwa mama yake, akaiongezea ya kwake: waridi huagiza Sumbawanga, likateremshwa na basi ndani ya boksi lililotandikwa kitambaa kibichi. Kwa waridi, rihani na asumini hutengeneza mitungo ya maharusi wa Kiislamu, mashada ya harusi za majirani Wakristo, na mapambo ya kumbi.

Tulimwuliza kwa nini anataka kutoka nyumbani, mahali asipolipa kodi.

"Wanangu," alijibu, "ua halina saa ya adabu. Mwenye harusi hubisha hodi baada ya isha, mwingine kabla ya alfajiri. Wengi ni wanaume waliotumwa. Mimi ni mjane, na hawa ni wasichana wakubwa. Mume wangu alipokuwa hai aliwapokea yeye barazani. Leo nani awapokee?"

Akaongeza jambo la pili. Fedha ya maua na fedha ya unga vinakaa katika kopo moja, na mwisho wa mwezi hajui kama amekula faida au amekula mtaji. Na la tatu: anayenunulia uani hudhani anasaidiwa na jirani, hivyo hulipa atakavyo na atakapo. Akiwa dukani, bei itakuwa bei.

Hoja hizo tuliziona nzito. Lakini tulimweleza pia tuliyoyaona, kwa kuwa akiba aliyoiweka ni ndogo na haina wa kuirudisha ikipotea. Fremu ile imeezekwa bati bila dari. Saa nane mchana ni tanuri. Huko Naivasha, nchini Kenya, maua hukatwa na kuingizwa mara moja katika vyumba vya baridi, husafiri kwa ndege kwa baridi iyo hiyo, na mengi hupitia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Biashara kubwa ya maua kwa hakika ni biashara ya ubaridi. Mama wa Kipili ana mtungi, kitambaa na kivuli cha mwembe, na vyote vitatu viko nyumbani. Akiuhamisha utungaji wote kwenye bati, atauza maua yaliyonyauka, au atalazimika kujaza rafu maua ya plastiki, ambayo kila duka linaweza kuyauza na hayahitaji mkono wake.

Tukarudi msikitini kwenye shauri lenyewe. Wajumbe waliomtaka muuza nyavu walisema kwamba fedha taslimu ni bora na kwamba uvuvi ndio maisha ya Kipili. Ni kweli. Lakini tuliwakumbusha mwaka 2024, pale uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi hiyo mitatu, duka la nyavu halikuwa na uhakika kuliko duka la maua. Na katika kijiji chenye mapato ya aina moja, fremu mbili zenye biashara tofauti ni kinga kwa msikiti wenyewe.

Wajumbe waliomtaka mama walisema apunguziwe kodi kwa kuwa ni mjane mwenye mabinti. Hapa tulilazimika kusema jambo lisilowafurahisha. Mafakihi wamefundisha kwamba msimamizi wa waqfu hana ruhusa ya kuikodisha mali hiyo kwa chini ya ujira wa mfano, yaani kodi inayolipwa mahali hapo kwa chumba kinachofanana nacho. Mali si yake hata aitoe kwa huruma. Anayetaka kumsaidia mjane ana mlango wa sadaka kutoka mfukoni mwake, na mlango wa zaka kwa anayestahiki. Hata hivyo, namna ya kulipa si kiasi cha kulipa. Kodi kamili inayolipwa mwezi kwa mwezi haimpunguzii mwenye waqfu haki yake.

Baada ya Isha kamati ya Kipili iliamua yenyewe. Mama atapewa fremu kwa kodi ile ile aliyokuwa tayari kuilipa kijana, kwa mwezi, kwa majaribio ya miezi mitatu. Akishindwa mwezi mmoja atapewa muda. Akishindwa miwili mfululizo atakabidhi ufunguo, naye muuza nyavu ndiye wa kwanza kufikiriwa. Kijana huyo alikuwapo, akaridhia, ingawa uso wake haukuficha kwamba alitarajia vingine.

Kwake mama tulitoa ushauri, naye akaupokea nusu. Tulimwambia fremu iwe mahali pa kupokea oda, malipo ya awali na wateja, kuanzia alasiri hadi Isha; uchumaji na utungaji ubaki uani, na mitungo iletwe jua likipoa. Hilo alilikubali. Tulimwambia aanze daftari mbili, ya duka na ya nyumba, na ajilipe ujira wake kama anavyomlipa mwingine. Hilo nalo alilikubali. Tulipomwambia asiweke kabisa maua ya plastiki, alicheka. "Mwaka mzima si harusi," alisema. "Nitaweka machache juu, ya kupamba kumbi. Ya kuvaa mtu mwilini nitayatunga mimi." Hatukuwa na la kujibu.

Kuhusu mtaji, kina mama wengi wa mwambao wamekwisha kuumizwa na mikopo ya riba inayokusanywa kila wiki. Tuliwaeleza kwamba halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Mama ana jirani mshona mikeka na wengine wapika vitumbua. Kikundi kinaweza kupatikana bila kwenda mbali. Mke wa mwenyekiti aliahidi kuwakusanya.

Kwa familia zenye kazi kama hii majumbani, iwe ni maua, ushonaji au upishi, tunaona maswali matatu yanafaa kuulizwa kabla ya kulipia fremu: ni kitu gani nyumbani kinachoifanya bidhaa kuwa nzuri, na je, dukani kitakuwapo? Nyumba imebanwa na wateja kiasi gani? Na akiba itadumu miezi mingapi ikiwa hakuna atakayenunua?

Mkataba uliandikwa usiku ule ule, kwa kufuata agizo la aya ya 282 ya Suratul Baqarah kuhusu kuandika na kushuhudisha. Aliyeandika ni binti mkubwa wa mama, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wetu sote. Alipofika kwenye kipengele cha maji aliinua kalamu akauliza: pipa la kuloweshea litawekwa ndani au nje, na nani atalijaza? Kamati haikuwa imelifikiria hilo. Likajadiliwa, likaandikwa.