Barabara Niliyoichora Mimi

Barabara iliyomkwamisha dereva mmoja kwenye tambarare kati ya Engaruka na Kitumbeine haipo, wala haijawahi kuwapo. Niliichora mimi, nimekaa Dar es Salaam, chini ya feni.

Nilikuwa mchoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo tangu 2004 inajengwa na yeyote mwenye muda. Unafungua picha ya setilaiti, unaona mstari, unaufuatisha kwa kipanya, unaupa jina la aina yake. Vijana wa mradi wa Ramani Huria, walioanza Dar es Salaam mwaka 2015, walitembea mtaa kwa mtaa wakihakiki mitaro. Mimi sikutembea popote. Picha yangu ilipigwa kiangazi. Mstari mweupe ulikatiza uwanda ukaunganisha maboma, nami nikaona matairi. Zilikuwa kwato. Mahali ulipopinda kidogo palikuwa na korongo.

Lakini kosa kubwa halikuwa mstari. Njia za vumbi hupewa daraja, moja hadi tano: la kwanza ngumu, la tano udongo mtupu. Niliandika la pili. Kwa nini? Kwa sababu nafasi tupu ilionekana kwangu kama uvivu. Hakuna picha ya angani iwezayo kukuambia kwamba udongo ule mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha, humeza gari mpaka ekseli.

Dereva hakuwa mzembe. Alitazama programu ya ramani ya OsmAnd, kisha ya Organic Maps, akaona zimekubaliana. Zingekosaje kukubaliana? Zote huchota OpenStreetMap, na pale OpenStreetMap ilikuwa mimi peke yangu. Akaangalia na kontua, mistari ya mwinuko, ardhi ikaonekana shwari. Kontua nyingi za simu zinatokana na vipimo vya rada vya chombo cha anga za juu cha Endeavour, Februari 2000, nukta moja kila mita 30 hivi. Korongo jembamba linapotea humo bila kuacha alama.

Walilala porini, na abiria mmoja alikuwa mjamzito. Wachungaji waliowakuta asubuhi walishangaa gari limefuata nini huko. Dereva aliponisimulia, bila kujua anazungumza na nani, nilifungua historia ya mstari ule. Kila badiliko huandikwa jina na tarehe, na jina lilikuwa langu. Nilimwambia siku iliyofuata, si palepale. Hilo nalo ni la kuungama.

Mstari nimeufuta. Nimepitia na mingine niliyoichora upande ule, na kila ambao sikupata mtu aliyeupita, nimeuondolea daraja. Ila ramani ya kutumia bila mtandao hukaa kwenye simu jinsi ilivyopakuliwa hadi mwenyewe aisasishe, na wengi huko hawana bando la kuchezea. Juzi mwongoza watalii alinionyesha yake. Barabara yangu bado imo, daraja la pili.