Pumzi ya Pikipiki Thelujini

Kila chenye uhai huishi kwa pumzi, na injini, ijapokuwa ni chuma kisicho roho, haikuepushwa na sharti hilo. Petroli peke yake haiwaki. Kila ratili moja ya petroli huhitaji karibu ratili 15 za hewa ili moto wake uwake sawasawa. Injini inyimwayo hewa hufa kama mtu aliyezibwa pua.

Katika milima ya Idaho, nchini Marekani, wako watu wapandao pikipiki za porini juu ya theluji. Gurudumu la mbele huondolewa, na mahali pake hutiwa ubao wa kutelezea; la nyuma nalo huondolewa, na mahali pake hufungwa mkanda mrefu wa mpira wenye meno. Kwa mageuzi hayo pikipiki hupita mahali ambapo mtu akishuka huzama hadi kiunoni. Raha yake ni kubwa, lakini hatari yake imejificha chini ya kiti.

Chini ya kiti ndiko liliko sanduku la hewa. Waliolibuni walifikiri habari za vumbi, wakaweka ndani yake chujio la sponji lililopakwa mafuta ili vumbi linate. Theluji haina tabia ya vumbi. Mkanda wa nyuma huirusha kama unga. Unga huo huingia katika sponji, huyeyuka kidogo kwa joto la injini, kisha huganda ukawa barafu. Hewa hupungua, petroli huzidi, plagi hulowa, injini huzimika. Mbali na nyumbani, jua likikaribia kuchwa, kimya hicho si jambo dogo. Mwaka 1934, huko Quebec nchini Kanada, Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe mdogo kwa kuwa theluji ilifunga njia ya kwenda hospitali. Mwaka 1937 akapata hataza ya mtambo wa mkanda wa kuendeshea gari thelujini. Theluji haimhurumii asiyeweza kwenda.

Fundi mwenye busara, basi, huibadili pua ya pikipiki kabla ya safari. Matundu ya ubavuni huyaziba. Mlango wa hewa huuinua juu, karibu na usukani, mahali ambapo theluji irushwayo na mkanda haifiki kwa urahisi. Mlangoni hufunga wavu usioshika maji, na sponji huiondoa, maana mlima uliofunikwa na theluji hauna vumbi.

Hata hapo kazi haijaisha. Katika usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 ina uzito wa kilo 1.16 hivi; katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, uzito huo hufika karibu kilo 1.39. Hewa ikiwa nzito hivyo, kabureta hupewa kijitundu kikubwa zaidi cha petroli. Isipopewa, joto la injini huzidi kiasi, na pistoni huweza kutoboka. Injini iliyokufa jana kwa kukosa hewa, leo yaweza kufa kwa kuzidiwa nayo. Tena mlima nao, kadiri uinukavyo, huipunguza hewa. Kwa hiyo fundi hana budi kupima baridi na kimo pamoja. Injini zenye kompyuta hujipimia zenyewe, lakini nazo haziwezi kuvuta pumzi kupitia barafu.

Sponji iliyoondolewa haitupwi. Huoshwa, hupakwa mafuta, huwekwa. Theluji itayeyuka, mkanda utafunguliwa, gurudumu litarudi, na vumbi litarudi pamoja nalo. Wavu hauwezi kulizuia vumbi laini, na vumbi likiingia husaga silinda polepole bila kelele. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Majira ya baridi ni mgeni; mwenye pikipiki humpokea kwa heshima yake, akijua kuwa mgeni huyo ataondoka.