Nyumba ya Homa Bay na Dalali wa Migori

Wapo akina mama kadhaa waliotuuliza baada ya darsa: mtu akitaka kuuza nyumba yake, je, ni lazima apitie kwa dalali, au mwenye mali aweza kuuza mwenyewe? Tumekuwa tukijibu kwa maneno mafupi. Leo twaona bora tueleze yaliyotupitia sisi wenyewe, kwani jambo hili hufahamika vyema kwa mfano.

Baba yetu, Mola amrehemu, alitoka pwani akiwa kijana akaenda kuuza nguo Kendu Bay, mji wa ziwani wenye Waislamu tangu zamani, na baadaye akanunua kiwanja mjini Homa Bay akajenga nyumba ya vyumba vinne. Mama alimtangulia mbele ya haki. Tukabaki warithi watatu: sisi tulioko Mombasa, ndugu yetu mdogo aliyeko Muscat, na dada yetu, mjane, anayeishi Migori. Kwa hesabu ya mirathi nyumba ilikuwa mafungu matano: mawili yetu, mawili ya ndugu yetu, na moja la dada. Mahakama ya Kadhi ilitutambua, na hati ya usimamizi ikatoka kwa majina yetu. Twalisema hili mapema kwa makusudi: bila ya hati hiyo hakuna mrithi mwenye mamlaka ya kuuza hata mlango, awe na dalali au asiwe naye.

Ndugu yetu alitaka nyumba iuzwe kwa haraka na kwa bei ya juu kabisa. Dada naye alikuwa na mtoto chuoni na karo isiyongoja. Sisi tuko mbali, safari ya mchana na usiku. Hali kama hiyo ndiyo imleteayo mtu dalali mlangoni, na kweli alikuja, Migori, nyumbani kwa dada. Jambo la kwanza alilomwambia lilikuwa kumwomba namba ya simu ya kaka yake.

Dada akampa namba yetu, nasi tukamwambia azungumze na dada, kwa kuwa ndiye aliye karibu na ndiye aijuaye nyumba. Akarudi kwake shingo upande. Alitaka asilimia 5 ya bei, na akasema ana mnunuzi wa shilingi 4,300,000. Mnunuzi mwenyewe hakutaka tumwone.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana wapo wanaodhani kwamba udalali ni haramu kwa asili yake. Si hivyo. Imamu Bukhari ametaja katika kitabu chake kwamba Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Al-Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Na amemtaja Ibn Abbas kuwa hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake amuuzie nguo kwa bei kadha, na kitakachozidi kiwe chake. Wanavyuoni wengi hawakuafikiana naye katika hilo, kwa kuwa ujira hapo haujulikani kiasi chake. Lakini tazama vizuri: hata kwa kauli ya Ibn Abbas, mwenye nguo ndiye aliyesema, naye alijua. Kile ambacho watu wetu hukiita cha juu ni kitu kingine. Muuzaji huambiwa bei moja, mnunuzi huambiwa nyingine, na tofauti huingia mfukoni pasi na yeyote kuambiwa. Ndiyo maana dalali wa namna hiyo hapendi pande mbili zikutane.

Nasi hatusemi kwamba huyu wa Migori alikuwa hivyo. Twasema tulimwomba mambo mawili, tumwone mnunuzi na tuoneshwe usajili wake, na yote mawili hatukuyapata. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, na ina bodi ya kuwasajili. Asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Mwanamke anayeuza peke yake na aulize swali hilo kwanza, kabla ya kuuliza bei.

Wakati huohuo jirani wa Homa Bay, ambaye ukuta wake wagusana na wetu, alimpigia dada simu. Aliitaka nyumba kwa ajili ya mwanawe, lakini alikuwa na milioni 4 tu, nazo kwa awamu mbili. Ndugu yetu wa Muscat akakasirika. Tukakaa na kalamu. Milioni 4 na laki 3, ukiondoa asilimia 5, yaani 215,000, zabaki 4,085,000. Tofauti na jirani ni 85,000, na fungu la dada katika tofauti hiyo ni 17,000. Tukamuuliza dada, kwa sababu haja kubwa ilikuwa yake. Akasema elfu kumi na saba atazipata kwa kushona, lakini mnunuzi asiyeonekana hamtaki.

Tukamsomea ndugu yetu kwa simu kisa cha Abu Rafi', aliyekuwa na vyumba viwili katika eneo la Sa'd bin Abi Waqqas. Watu wengine walimpa dinari 500, naye akamuuzia Sa'd kwa dirhamu 4,000, tena kwa awamu, kwa sababu alimsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akisema jirani ana haki zaidi kwa ule ukaribu wake. Katika madhehebu yetu ya Shafi jirani hana haki ya kulazimisha kununua, hiyo ni ya mshirika. Ndugu yetu alilijua hilo na akatukumbusha. Tukamjibu kwamba Abu Rafi' hakulazimishwa. Alinyamaza siku mbili, kisha akaleta ujumbe wa neno moja: sawa.

Yaliyofuata hayakuhitaji dalali, ila yalihitaji wakili, na kuchanganya kazi hizi mbili ni kosa la wengi. Mkataba wa ardhi nchini lazima uandikwe, utiwe saini na ushuhudiwe. Jirani alifanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi. Sisi tulilipa kodi ya kiwanja kwa kaunti tukapata cheti. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, ni wa mnunuzi. Kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, ni ya muuzaji, nayo hutozwa faida, si bei nzima. Dalali hakuwa ameitaja kabisa. Tulimwonesha jirani pia ufa wa ukuta wa nyuma na paa linalovuja, ingawa yawezekana alivijua kabla yetu.

Awamu ya pili ililipwa mwezi ule ule ulioandikwa. Imepokewa kwamba auzaye nyumba asiweke thamani yake katika nyingine hatabarikiwa. Isnadi yake ina maneno, lakini dada aliipenda. Baada ya karo, ameanza kutafuta kiwanja nje kidogo ya mji wa Migori. Huko ni shamba, hivyo yahitajika ridhaa ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Muuzaji alimtaka alipe arubuni papo hapo. Dada akamwambia kwamba kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 mali ya namna hii haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke, na kwamba hatoi shilingi mpaka amsikie mkewe kwa masikio yake.

Mke alikuwa hajaambiwa lolote. Juma lililopita dada alikwenda kwake, wakanywa chai, na mazungumzo yangali yanaendelea.