Koti la Chui

Kosa langu la kwanza lilikuwa farasi. Katika kitabu kimoja kikuukuu cha maktaba yetu niliona picha ya askari wa farasi wa Napoleon wa Ufaransa, kifua kimefunikwa bamba la chuma, kofia ina singa ndefu zinazoning'inia mgongoni. Nilivutiwa si haba. Mwalimu wetu wa Historia akaniambia eti huko Ulaya wako watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaowafinyanga askari hao wakiwa wadogo kama kidole, kisha wanapaka rangi kila kifungo jinsi kilivyokuwa katika kikosi kile, mwaka ule. Nami nikateremka bondeni mtoni, nikachimba udongo wa mfinyanzi. Taabu ni kwamba farasi sikuwahi kumwona kwa karibu, kwa hiyo nilimtazama punda wa jirani. Nyanya alipoiona kazi yangu aliuliza, "Na huyu punda amembeba nani?"

Nikaona heri nimfinyange mtu wa kwetu. Dedan Kimathi alizaliwa hapa Tetu mwaka wa 1920, na ni huku huku Tetu alikopigwa risasi ya mguu na kukamatwa, tarehe 21 Oktoba 1956. Nani angenipotosha habari zake?

Kila sentimita 20 za mtu nilizifanya sentimita moja ya udongo, na ndani nikatia waya wa ua uwe mifupa. Wa kwanza nilimkausha karibu na jiko, akapasuka tumbo. Wa pili nilimweka kivulini chini ya gunia siku sita, akakauka salama. Nilifuata ile sanamu ya Nairobi iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe pale Kamiti: magwanda ya kijeshi, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Buti nikazipaka nyeusi zikang'aa. Lo! Alipendeza.

Nyanya akamgeuzageuza. "Mume wangu," akasema (nyanya wa kwetu huwaita hivyo wajukuu wao wa kiume), "huyu ametoka msituni ama dukani?"

Wakati ule wa hali ya hatari yeye alikuwa msichana mdogo. Wapiganaji walikuja usiku kuomba chakula, naye akawachungulia. Hakuona buti zinazong'aa. Aliona makoti ya ngozi za wanyama yanayonuka moshi, na bunduki za kujitengenezea: bomba la maji, komeo la mlango, na vipande vya mpira wa tyubu vya kulivutia lile komeo. "Ungedhani mtu amekimbia na mlango wa watu," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nikarudi vitabuni. Kumbe Kimathi alipokamatwa alikuwa amevaa ngozi ya chui, na katika kesi yake hapa Nyeri alishtakiwa kwa kupatikana na bastola. Siilaumu ile sanamu ya Nairobi. Ile imewekwa mjini watu waiheshimu hata wakiwa ng'ambo ya barabara. Wangu ana sentimita 8 na nusu, na angesimama mezani mbele ya mtu aliyeona kwa macho yake.

Nikaanza upya. Koti nililipaka vidoadoa, mwalimu wa Biolojia akasema hilo ni koti la duma. Madoa ya chui yamejikusanya kama pete. Basi nikachonga ncha ya kijiti cha kiberiti, nikachora pete za milimita mbili mbili, jioni tatu mfululizo. Nywele nikazisokota kwa uzi mweusi wa sufu.

Nyanya alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa mfinyange yule mwingine."

Nilijua nyanya alikuwa na kaka aliyeingia msituni asirudi. Sikujua kama walikuwa wawili. Huyu wa pili alikuwa homugadi, akisimama na mkuki langoni mwa kijiji walimohamishiwa kwa nguvu, chenye handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha. Mama yao ni mmoja. Miaka yangu yote kumi na sita sijasikia jina lake likitajwa nyumbani kwetu, hata kwenye matanga.

Nilimfinyanga. Nyanya alinirudisha mara mbili kwa sababu ya mabega: "Hapana, alikuwa ameinama kidogo, upande huu." Lakini nilipomwuliza koti lake lilikuwa la rangi gani, akaniambia nikamletee kuni.

Siku ya maonyesho ya Chama niliwaweka wote wawili juu ya meza moja, Kimathi na koti lake la chui, na huyu wetu akiwa udongo mtupu. Wageni wengi waliniuliza kama niliishiwa na rangi.