Obuya: 98 Bila Kutolewa

Wasee wa Dala, leo hatuongelei Gor. Leo ni jamaa ambaye ukitaja jina lake stage ya boda pale Kondele watakuuliza, "huyo anacheza namba gani?" Collins Obuya. Kriketi.

Usitoroke bado. Cheki kwanza majina ya timu ya Kenya ya miaka ile: Odumbe, Odoyo, Otieno, Onyango, Ongondo, Obuya. Ni kama mwalimu anaita rejista huku Kisumu. Lakini wengi wao waliushikia mchezo Nairobi, karibu na viwanja vya klabu za Wahindi. Sisi huku ziwani kriketi tuliiacha nyuma ya ua, tukasema ni ya Wahindi, tukaendelea na mpira. Ndiyo maana mtoto wa Nyalenda anakutajia akiba wote wa Arsenal lakini huyu hamjui.

Wachache wanaomjua watakuambia kuhusu 2003, na ni haki yao. Februari 24, uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Sri Lanka ya Jayasuriya na Aravinda de Silva imekuja. Obuya ana miaka 21, anarusha ile mipira ya kuzunguka inayogusa chini halafu inabadilisha njia. Anachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Sri Lanka wanamalizwa kwa 157, Kenya inashinda kwa 53. Mwezi uliofuata tuko nusu fainali ya Kombe la Dunia, kitu ambacho nchi isiyocheza Test, zile mechi za siku tano, haikuwa imewahi kufanya.

Waandishi wa ng'ambo walimpenda sana, hasa walipojua aliwahi kuuza nyanya. Kila stori ilikuwa nyanya, nyanya, nyanya. Manze, nenda Kibuye asubuhi uhesabu vijana wanaouza nyanya. Kuuza nyanya si muujiza, ni kazi. Muujiza ni kufanya mpira ugeuke mbele ya Sri Lanka.

Akachukuliwa na Warwickshire, Uingereza. Na hapo ndipo stori yenyewe inaanza kwangu, kwa sababu ule urushaji wake haukuwahi kurudi vile ulivyokuwa. Fikiria kitu kimoja kilichokutoa gizani kinakuacha kabla hujafika miaka 25. Nyumbani nako mambo yalikuwa yanaoza: wachezaji na wakubwa wa chama wanavutana, migomo, na Odumbe akafungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa mambo ya pesa za wacheza kamari. Wengi wangesema basi, nilikuwa staa, imetosha. Obuya akashika gongo. Akajifunza upya kuwa mpigaji.

Sasa twende Bengaluru, India, Machi 13, 2011. Kombe la Dunia tena, na Kenya tunachekwa. New Zealand wametumaliza kwa mikimbio 69. Pakistan 112. Sri Lanka, wale wale, 142. Hata Canada wametupiga. Anayefuata ni Australia, mabingwa mara tatu mfululizo, ambao hawajapoteza mechi ya Kombe la Dunia tangu 1999. Wanaandika 324. Wanaokuja kurusha ni Brett Lee na Shaun Tait, watu ambao mpira wao ukikupita unausikia tu.

Kila mtu anangoja Kenya ianguke kabla ya chai. Obuya anakataa. Yeye na Tanmay Mishra wanaanza kujenga, moja hapa, mbili pale, nne ikipatikana. Mishra anatoka na 72. Obuya anabaki. Ova zinaisha, ubao unasoma Kenya 264 kwa wiketi 6, tumepoteza kwa 60. Obuya, 98, bila kutolewa.

Mikimbio miwili tu ifike mia. Hakuwahi kuipata mia katika mechi za kimataifa za siku moja, na alicheza zaidi ya 100. Kuna watu huona hiyo 98 kama huzuni. Mimi sioni hivyo. Australia nzima, na ile spidi yote, ilirusha ova 50 na haikuweza kumtoa mtu mmoja aliyekuwa ameshapoteza kipaji chake cha kwanza. Kwangu hiyo inashinda zile wiketi 5. Zile 5 zilikuja akiwa kijana, upepo uko nyuma yake, nchi nzima inaimba. Hii 98 ilikuja wakati hakuna aliyekuwa anaangalia.

Wengine wangeishia hapo. Yeye akawa nahodha. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, yaani hata ile njia ya kuitafuta mia ikafungwa. Bado akacheza, ligi za chini, viwanja vitupu, na wenzake ambao 2003 walikuwa wananyonya.

Alistaafu Machi 2024, baada ya Michezo ya Afrika kule Accra. Alikuwa na miaka 42, na ilikuwa zaidi ya miaka 22 tangu avae jezi ya Kenya mara ya kwanza. Huku Dala siku hiyo tulikuwa tunabishana kuhusu penalti.