Mradi wa Kununua

Wasomaji wangu, leo sina habari za programu mpya. Nina swali tu: kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa nne anataka kununua mradi wake?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Masii alinijia. "Kaka, nataka mfumo wa kusimamia hospitali. Ni pesa ngapi?" Nikamuuliza, hospitali gani? Hakuna! Nilikataa kumuuzia, ila sikumkasirikia. Miaka mitatu amekariri noti, halafu ghafla anaambiwa ajenge kitu kwa miezi michache. Hata mimi nilisomeshwa hivyo.

Nikampeleka kwa mama anayeuza maji sokoni, ambaye huandika madeni daftarini. Programu ya kwanza ya kijana ilikuwa ya simu ya kisasa. Mama hana! Ya pili inatumia SMS, na bado wanabishana jinsi ya kuandika nusu mtungi. Hayo hayamo kwenye noti.

Tazameni majirani zetu wa Wamunyu, hapo mbele kwenye barabara ya Kitui. Inasimuliwa kuwa Mutisya Munge alijifunza uchongaji kwa Wamakonde akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na kuwafundisha wenzake. Ufundi ule haukuenea kwa mihadhara. Shoka likiteleza, twiga anakatika shingo na mteja haguswi. Somo limeingia!

Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kimefundisha kwa miradi tangu kianzishwe mwaka 1974. Takriban nusu ya muhula ni mradi wa kikundi, kuanzia mwaka wa kwanza. Na msiniambie sisi hatuwezi. Mei 2018, 1KUNS-PF, satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mradi kama huo haununuliwi River Road!

Ninachohofia ni kwamba mfumo wa hospitali isiyokuwepo, uliopakwa rangi nzuri, utapata alama nyingi kuliko daftari la mama wa maji. Walimu wangu, dawa ni rahisi. Mwanafunzi akimaliza kueleza, mwambie abadilishe kitu kimoja mbele yako, hapo hapo. Aliyejenga atajua pa kushika. Aliyenunua ataomba kwenda msalani.

Nyinyi mnaonaje?